Relei inagonga ta-ta-ta betri ikikaribia kuisha: kosa ni la komparata au langu?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kinyozi, umeme najifunza mwenyewe usiku. Saluni yangu inatumia sola: paneli moja, betri ya asidi ya volti 12 na inveta ya wati 150 kwa mashine za kunyolea na TV. Nimechoka kuua betri, ndiyo maana nikatengeneza kikatio cha mzigo kwa Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuprogramu. Sikutumia analogRead, amri ya kusoma volteji kama namba, kwa sababu nimesoma kwamba ndani ya ATmega328P, chipu ya bodi hiyo, kuna komparata ya analogi (kilinganishi cha volteji mbili) yenye kasi zaidi. Volteji ya betri nimeigawa kwa rizista ya kilo-omu 100 na ya kilo-omu 10 nikaipeleka pini ya 7, na upande wa pili nimechagua ile volti 1.1 ya ndani, ili ikate kwenye 12.1. Intarapti (wito unaokatiza programu komparata ikibadilika) ndiyo inayowasha na kuzima relei, yaani swichi ya umeme, ya ampia 10. Inafanya kazi, lakini betri ikikaribia hapo relei inagonga ta-ta-ta kama cherehani. Niliongeza kapasita, ikawa inagonga polepole lakini haikuacha. Mita inasoma 12.0 mzigo ukiwaka, na 12.5 ukizima. Bodi ya pili, kwa saketi hiyohiyo, inakata kwenye 11.6. Halafu ACO, biti ya jibu la komparata, inatoa 1 betri ikiwa chini, nilidhani itakuwa kinyume. Nilijaribu kuhamia A0, hakuna kilichobadilika. Je, nimeuziwa chipu feki? Ninunue LM393, komparata ya nje?"

Marahaba, fundi. Nikutoe wasiwasi kwanza: hukuuziwa chipu feki, na bodi zako zote mbili ni nzima. Tena umenirahisishia kazi kwa kuandika zile namba mbili, 12.0 na 12.5. Wengi huandika "inasumbua" wakaishia hapo. Ugonjwa wako uko katikati ya namba hizo, na LM393 ukiifunga leo bila kubadili kitu kingine, relei itaendelea na cherehani yake.

Nianze na hilo la ACO, kwa sababu limekutia shaka bure. Komparata ina milango miwili, chanya na hasi, na inajibu swali moja tu: je, volteji ya chanya imeizidi ya hasi? Ikiizidi ACO ni 1, isipoizidi ni 0. Haijui betri, wala haijui kipi kizuri na kipi kibaya. Ukiwasha biti ya ACBG (biti ni kama swichi ndogo ya mpangilio ndani ya chipu), ile 1.1 ya ndani inakaa upande wa chanya, mahali ambapo ingekaa pini ya 6. Pini yako ya 7 ni hasi. Kwa hiyo 1 maana yake "1.1 imeizidi pini ya 7", yaani betri imeshuka. Ulisoma sawa kabisa. Pini ya 6 nayo sasa iko huru, itumie kwa kazi nyingine.

Kuhusu A0: ni kweli komparata inaweza kuazima pini za analogi kwa ajili ya ule mlango wa hasi, lakini kwa sharti ambalo programu nyingi za kunakili hazilitaji. Biti ya ACME kwenye rejista ya ADCSRB iwe 1, na wakati huohuo ADC yenyewe (kipimaji cha ndani ambacho analogRead hutumia) iwe imezimwa, yaani ADEN kwenye ADCSRA iwe 0. Arduino huwasha ADC mara tu bodi inapoanza, kabla hata programu yako haijafika setup. Wewe uliweka ACME, chipu ikaona ADC iko macho, ikaendelea na pini ya 7 kama kawaida. Ndiyo maana hukuona tofauti. Na ukiizima ADC ili upate A0, analogRead haitafanya kazi mpaka uirudishe. Baki na pini ya 7.

Sasa tuje kwenye hiyo kasi uliyoisoma. Ni ya kweli. Karatasi ya data ya mtengenezaji inataja ucheleweshaji wa takriban nanosekunde 500 chipu ikiwa na volti 4. AnalogRead kwa mipangilio ya kawaida ya Uno inachukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hiyo ni tofauti ya mara 200 hivi. Lakini jiulize betri yako inashuka kwa kasi gani. Kutoka 12.2 hadi 12.1 inaweza kuchukua nusu saa. Umemweka mlinzi anayepepesa macho mara milioni kwa sekunde kuchunga kobe, na kila kobe akitikisa kichwa mlinzi anapiga filimbi.

Kutikisika kwenyewe kupo kwa aina mbili. Ya kwanza ni makelele ya umeme. Inveta ya kutoa 50 Hz hainywi mkondo kutoka kwenye betri kwa utulivu kama maji ya bomba. Inaunywa kwa mapigo, mara 100 kwa sekunde, na kila pigo linaivuta volteji chini kidogo. Betri ikiwa karibu na 12.1, mapigo hayo yanaivusha mstari na kuirudisha, yanaivusha na kuirudisha. Komparata inayaona yote, intarapti inaitwa kila mara, na relei inafuata kadiri chuma chake kinavyoweza. Hapo kapasita yako ilisaidia kweli.

Aina ya pili ndiyo iliyokushinda, na kapasita haiwezi kuiponya hata ukiweka ya ukubwa wa chupa ya soda. Mzigo ukiwaka, sehemu ya volteji inapotea ndani ya betri yenyewe na kwenye nyaya. Ukikata mzigo, upotevu huo unakoma papo hapo, na betri inaruka kutoka 12.0 hadi 12.5 bila kuchajiwa hata kidogo. Komparata inaona 12.5, inasema "betri nzima", relei inawasha. Mzigo unarudi, volteji inaanguka 12.0, relei inakata. Kukata kwenyewe ndiko kunakoleta sababu ya kuwasha, na kuwasha kunaleta sababu ya kukata. Kapasita ilirefusha tu muda wa kila mzunguko, ndipo ta-ta-ta ikawa ta... ta... ta.

Dawa yake ni kuwa na mistari miwili badala ya mmoja: wa chini wa kukatia na wa juu wa kurudishia, na pengo baina yake liwe kubwa kuliko ule mruko. Wahandisi huliita pengo hilo histeresisi. Baadhi ya chipu mpya za ukoo huohuo, kama ATmega4809, zinalo ndani ya komparata na unachagua ukubwa wake kwa programu, ingawa ni la milivolti chache, la kuzuia makelele tu. ATmega328P haina hata hilo dogo. LM393 nayo haina. Ndiyo maana nasema kuinunua peke yake ni kuhamisha tatizo kutoka ndani ya chipu kulipeleka nje, na juu yake utadaiwa rizista ya kuvuta toleo lake juu, maana toleo la LM393 linaweza kuvuta chini tu.

Pengo lako unaweza kulitengeneza kwa rizista moja ya kilo-omu 100, ambayo naamini unayo tayari mezani. Ifunge kati ya pini ya 8 na pini ya 7, pale rizista zako mbili zinapokutana. Mzigo ukiwa umewashwa, pini ya 8 iache iwe ya kuingiza bila kuvutwa juu. Ni kama haipo, kigawanyo chako kinabaki 1 kwa 11, na mstari wa kukata ni 1.1 mara 11, yaani 12.1. Ukishakata, igeuze pini ya 8 iwe ya kutoa na uiweke 0. Sasa ile kilo-omu 100 mpya imekaa sambamba na kilo-omu 10 yako, mgawanyo unakuwa 1 kwa 12, na mstari wa kurudisha unapanda hadi 13.2.

Namba hiyo ya 13.2 naipenda kwa sababu moja. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika hukaa karibu na 12.7. Vidhibiti chaji vingi vya bei nafuu hurudisha mzigo karibu na 12.6, na betri iliyochoka inaweza kupanda pole pole usiku ikafika huko bila chaji yoyote, mzigo ukawaka saa nane za usiku. 13.2 haifikiki bila jua kuwa juu ya paneli. Kwa hiyo saluni haitawaka tena mpaka betri ianze kupata chakula kweli.

Kwenye programu, mambo ya msingi ni haya:

pinMode(7, INPUT);
pinMode(8, INPUT);
ADCSRB &= ~(1 << ACME);
ACSR = (1 << ACBG);
delay(1);

Kisha ndani ya loop unasoma hivi:

bool betriChini = ACSR & (1 << ACO);

Unapokata mzigo:

digitalWrite(8, LOW);
pinMode(8, OUTPUT);

Na unapourudisha, pinMode(8, INPUT) peke yake inatosha.

Ile delay(1) si pambo. Rejea ya ndani, ile 1.1, inahitaji muda wa kuamka, hadi mikrosekunde 70, na ukisoma kabla yake utapata jibu la uongo. Angalia pia usiandike INPUT_PULLUP kwenye pini ya 7 wala ya 8. Rizista ya kuvuta juu iliyomo ndani ni ya kilo-omu 20 hadi 50, na mbele ya kigawanyo chako cha kilo-omu 100 itaipeleka volteji mbali kabisa na ukweli.

Intarapti nakushauri uiondoe. Intarapti haitakiwi kugusa kitu kizito kama relei. Kazi yake ni kuweka alama na kuondoka. Na hapa hata alama hiyo huihitaji. Soma ACO kila milisekunde 100, hesabu. Ikisema "chini" mfululizo kwa sekunde 10, kata. Mashine ya kunyolea ikianza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo, na usingependa umzimie mteja TV kwa sababu ya nukta hiyo. Ukishakata, usirudishe kabla ya dakika 5 hata kama ACO imebadilika. Siku utakayorudi kwenye intarapti kwa kazi nyingine, kumbuka kwamba bendera ya ACI (alama kwamba intarapti imetokea) inafutwa kwa kuandikiwa 1, si 0, na kwamba ni lazima uzime ACIE (ruhusa ya intarapti) kabla ya kuizima komparata kwa ACD au kubadili biti za ACIS (zinazochagua badiliko gani liite intarapti), la sivyo utapata intarapti ya mzimu.

Bado ile bodi ya pili na 11.6 yake. Jina "volti 1.1" linadanganya kidogo. Mtengenezaji anaahidi tu kwamba itakuwa kati ya 1.0 na 1.2. Zidisha kwa 11: mstari wako wa kukata unaweza kuangukia popote kati ya volti 11.0 na 13.2, na chipu ikawa halali kabisa. Juu ya hapo komparata yenyewe ina kupinda kwake kwa kuzaliwa, yaani hukosea kidogo inapolinganisha. Kwa kawaida hakufiki milivolti 10, lakini inaruhusiwa hadi 40, na ukigawa kwa 11 kama ulivyofanya, milivolti 40 pale pini ya 7 ni volti 0.44 pale betri. Bodi iliyokata kwenye 11.6 imekaa vizuri ndani ya mipaka hiyo. Kila chipu inabidi ipimwe yenyewe.

Badala ya rizista ya juu ya kilo-omu 100, weka ya kilo-omu 82 ikifuatiwa na volumu ndogo ya kilo-omu 50, zile za kuzungusha kwa bisibisi. Tafuta pawa saplai ya kurekebisha, iweke 12.1 kwa mita unayoiamini, pini ya 8 ikiwa imeachwa huru, uzungushe polepole mpaka ACO igeuke. Tone la rangi ya kucha juu ya volumu litaizuia isisogee. Mstari wa juu utajipanga wenyewe karibu na 13.2, huna haja ya kuupima upya.

Waya za kupimia zichukue moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, chanya na hasi, kila moja ikiwa peke yake na fyuzi ndogo upande wa chanya. Ukichukua hasi kwenye waya uleule unaorudisha mkondo wa inveta, milivolti 20 zinazopotea kwenye waya huo zitaonekana kwa komparata kama volti 0.22 za betri. Na mruko wako wa nusu volti unanitia shaka. Washa mzigo, weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha chanya cha betri na nyingine pale waya unapoingia kwenye inveta. Ukisoma zaidi ya volti 0.1 au 0.2, waya ni mwembamba au kibano kimelegea, na sehemu ya umeme wa betri yako inapotea kama joto hewani.

Ningekuwa mimi ningefanyaje? Nisikufiche: kwa kazi hii ningetumia analogRead. Tukishasubiri sekunde 10 kabla ya kukata, kasi ya komparata haina faida tena, na ADC inakupa namba kamili unayoweza kuichukulia wastani, kuionyesha kwenye skrini, na kubadili mistari yote miwili kwa kuhariri programu bila kulehemu. Ukienda njia hiyo tumia analogReference(INTERNAL), lakini badili kigawanyo kwanza, maana kwa 1 kwa 11 namba itagota kwenye 1023 betri ikifika 12.1. Rizista za kilo-omu 150 na 10 zinakupa nafasi hadi volti 17.6, kila hatua ikiwa kama milivolti 17. Ule upana wa 1.0 hadi 1.2 uko palepale, ila utausahihisha kwa namba moja kwenye programu.

Nawajua wanaotetea komparata kwa kusema programu italala na komparata ndiyo itaiamsha, umeme uokolewe. Kwa ATmega328P haliendi mbali: komparata inaamsha usingizi mwepesi wa Idle tu. Usingizi mzito ule unaookoa betri kweli, haiwezi kuuvunja.

Mahali komparata inapostahili ni pale ambapo jambo likichelewa linaharibika. Kukata mkondo uliozidi kabla transista haijaungua, kwa mfano. Au kupima muda: ukiwasha biti ya ACIC, toleo la komparata linaingia moja kwa moja kwenye Timer1, taima ya ndani ya chipu, na taima inaandika saa ya tukio bila kungoja programu, kwa hatua za nanosekunde 62.5 kwenye 16 MHz. Kupima mwendo wa injini au masafa ya jenereta kwa njia hiyo ni raha tupu, na siku ukifika huko niandikie tena.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza, nalo ndilo lililonishtua kuliko mengine. Inveta ya wati 150 ikifanya kazi yake yote inavuta kama ampia 14 kutoka kwenye betri ya volti 12, ukihesabu na upotevu wake. Relei yako ni ya ampia 10, na imekuwa ikigonga chini ya mzigo huo. Inawezekana midomo yake, zile sehemu zinazogusana kupitisha mkondo, imeanza kuungua, na relei iliyoungua huishia kuganda ikiwa imefunga. Hapo programu itasema imekata na betri itaendelea kufa. Nunua relei ya gari ya ampia 30 au 40 kwenye duka la spea, koili yake iendeshwe na hiyo relei ndogo uliyo nayo, na uweke dayodi ya 1N4007 kinyumenyume juu ya koili. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Ukiona relei ya sasa imebadilika rangi, inanuka plastiki, au imekuwa moto kiasi cha kutoshikika, zima leo usingoje kesho, na umwite fundi wa sola aje akague nyaya na vibano kwa macho yake. Hayo siwezi kuyaona kutoka hapa. Vilevile usipeleke waya wowote wa upande wa 230 wa inveta karibu na Arduino bila mtu anayejua kutenga saketi kukaa nawe mezani.

Anza na rizista ile moja ya pini ya 8 na hesabu ya sekunde 10, hata kabla ya kununua volumu. Ukipatia, relei utaisikia mara moja usiku betri ikichoka, na mara moja tena kesho yake, kama saa tatu asubuhi, jua likishaanza kuisukuma betri.